Difu ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu hakuwahi kulitaja jina langu. Aliniita "huyo," na siku alizoamka vizuri aliniita "huyo wa Nyaramba." Sikumlaumu sana kwa hilo. Kwetu Wagusii, mke wa mtu na baba wa mumewe hawazoeani. Kuna adabu ya haya kati ya vizazi, tunaiita chinsoni, na ina masharti yake: simpi mkono, siketi karibu naye, siingii chumbani kwake, sigusi kitanda chake wala kitu chochote anacholalia. Yeye naye haingii kwangu hata nyumba ikiwaka moto. Nimelelewa hivyo na sikuona ubaya wake. Ubaya ni kwamba mzee alikuwa na ulimi, na haya hiyo ilimzuia kunisogelea lakini haikumzuia kunitukana.

Alikuwa na pikapu. Aliirithi kwa mzungu aliyemwajiri kama dereva, wakati walowezi walipofunga virago wakaondoka Nyansiongo na kuacha mashamba, ng'ombe na vyuma vyao. Ilikuwa na uso wa duara, taa mbili zilizotokeza mbele kama macho ya chura, na bodi ya mbao ya kubebea mizigo nyuma. Mzee aliipenda kuliko wanawe na hakuona haya kusema hivyo mezani, wanawe wakiwa wameshika vijiko. Ilipeleka maziwa, ikapeleka mahindi, ikapeleka maiti, ikapeleka wazee kanisani Jumamosi. Kisha siku moja, ikipanda mlima wa soko na magunia nyuma, ilitoa mlio wa mfupa ukitafunwa, ikasimama, ikaanza kurudi nyuma. Wakaiwekea mawe.

Ikavutwa na ng'ombe hadi nyumbani, mzee akitembea kando yake kama anayesindikiza jeneza.

Mafundi walikuja kutoka mjini mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja aliinama, akachungulia, akaguna, akasema spea za gari hilo zilizikwa pamoja na waliolitengeneza. Mmoja alithubutu kutaja chuma chakavu. Mzee akamfungulia mbwa.

Mimi nilikuwa nimeolewa hapo nikiwa fundi. Ufundi niliusomea mjini Kisii, nikafanya kazi gereji ya kando ya barabara pale Keumbu, na mume wangu alikiona kwanza kiatu changu kikitokeza chini ya lori ndipo akaniona uso. Yeye alikuwa karani wa kiwanda cha chai upande wa Nyamira, akirudi nyumbani Ijumaa kabla jua halijazama ili Sabato isimkute njiani. Alikuwa mtu mpole. Nilidhani upole ni tabia, kumbe wakati mwingine ni woga uliooga na kuvaa suti.

Tuliishi kwenye saiga yake, kile kijumba ambacho mvulana hujengewa karibu na zizi akishatahiriwa. Mwanamke anayeishi kwenye saiga ni mgeni, hata akizaa humo. Ili uwe mke wa nyumba lazima baba aje mbele ya wazee, atembee shambani, awaonyeshe mahali pa kujenga. Asipowaonyesha hamna pa kujenga, na usipojenga huna mahali, hata pa kuzikwa. Nilikuwa nimekitamani kipande kimoja kando ya barabara ya lami. Nilikiona usingizini: nyumba nyuma, gereji mbele, na lori la mtu limeinuliwa kwa jeki. Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikitamani pia, awekee duka la dawa za mifugo. Yeye ndiye aliyekuwa mboni ya jicho la mama yake. Kila mara mzee alipoulizwa kuhusu kipande hicho alisema anafikiri, na alikuwa na kipaji cha kufikiri polepole.

Basi nikamwambia mume wangu kwamba pikapu ya baba yake naweza kuitembeza. Yeye akamwambia mama yake, mama yake akamwambia mzee, na jibu likarudi kwa njia ileile. Kwanza lilikuwa kicheko. Baada ya majuma kadhaa ya kuitazama pikapu ikiota nyasi, mzee alitoka nje, akasimama uani watu wote wakiwepo, akaweka mkono juu ya boneti na kuliambia gari.

"Ile siku hii gari itapanda mlima ya soko bila kusukumwa, nitaonyesha wao mahali ya kujenga. Pale kando ya barabara. Ahadi ni deni."

Shemeji alitema mate. Mama mkwe akaingia jikoni.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe. Gari la siku hizi ukiinama utaiona propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu nyuma, ikiwa wazi, inaning'inia kati ya giaboksi na difu, lile tumbo la meno linalogeuza magurudumu ya nyuma, inazunguka ukiitazama. Ya mzee ilikuwa imefichwa ndani ya bomba nene la chuma. Bomba lenyewe limeshikana na difu nyuma, na mbele linaishia kwenye tufe lililokumbatia mkia wa giaboksi. Ni bomba hilo linalolisukuma gari mbele. Springi kazi yake ni kubeba mzigo tu. Ni kazi nzuri ya wazee, lakini propela ilikuwa imejisokota ndani ya bomba, na meno ya difu yalikuwa yamebaki kama ya mzee aliyezoea muwa. Dawa ilikuwa moja: kung'oa bomba, tufe na ekseli nzima, kuingiza difu ya pikapu ya Kijapani iliyokuwa imelala kwenye yadi ya vyuma Keumbu, na kutoka hapo kuiacha propela iende wazi kama za wenzake.

Nilipowaeleza hivyo, mzee alituma neno kwamba gari lake lisivuliwe nguo. Siku mbili baadaye akatuma neno kwamba livuliwe.

Kulikuwa na tatizo la miguu yangu. Fundi hulala chini ya gari na miguu hubaki nje, na mkwe hawezi kulala miguu nje mbele ya baba wa mumewe. Mama mkwe akashona magunia, yakatundikwa kwenye kamba kuizunguka pikapu. Niliamrishwa nifunge leso juu ya ovaroli. Mzee akaweka kigoda chake upande wa pili wa magunia, karibu kiasi cha kumsikia akimeza chai, na mkewe akaketi katikati kama redio. Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi, mimi na mzee, kuanzia Jumapili hadi Ijumaa adhuhuri, majuma yakafuatana.

"Mwambie asiguse usukani," alikuwa akisema, na sauti yake nimeisikia vizuri kuliko huyo anayetumwa.

"Mzee anasema usiguse usukani," mama mkwe alirudia.

"Mwambie nimesikia."

"Anasema amesikia."

Mengine hayakuwa ya usukani. Alimtuma mkewe aniambie kwamba kwetu Nyaramba hata mkokoteni ni jambo geni. Aliuliza kama mahari aliyotoa ilikuwa ya mke au ya kibarua, maana kama ni ya kibarua basi alipunjwa. Nilipokuwa naivuta ekseli ya zamani kutoka chini, ikateleza kwenye gogo ikanigonga mguu, na ukucha ukang'oka papo hapo. Nilipiga ukemi mmoja. Upande wa pili nikasikia, "Mwambie aangalie chuma isipasuke." Shemeji alikuwa amesimama hapo, mikono mfukoni, akala ndizi yake akamaliza.

Nilimchukia mzee huyo kwa moyo wangu wote. Nasema hivi bila kupunguza. Lakini kazi niliipenda, na hilo lilinifanya nimchukie zaidi, kwa sababu alikuwa nacho kitu kizuri na hakukistahili. Nilipeleka mkia wa giaboksi kwa fundi wa kuchonga vyuma mjini Kisii, akanichongea sahani na kichwa cha kushikia joint, kiungo cha kukunjia propela, pale lilipokuwa tufe. Nikaongeza jani moja la chuma kwenye kila springi, maana tangu sasa springi ndizo zingesukuma gari. Nikaikata miguu ya springi kwenye ile difu ya Kijapani, nikaisugua kwa grinda hadi ikang'aa.

Kisha ikafika siku ya pembe. Difu ina pua, na pua hiyo lazima itazamane na mkia wa giaboksi kwa mwelekeo unaofaa, la sivyo propela itatetemeka na kula joint zake. Mafundi wengi huchomelea miguu ya springi gari likiwa juu ya magogo, magurudumu yananing'inia. Likishushwa springi hubonyea, pua ikageuka, na mwenye gari akabaki anauliza mbona linanguruma. Mimi nililishusha chini kwanza. Nikapakia mawe nyuma uzito wa magunia ya mahindi, nikaacha springi zikae zinavyotaka, ndipo nikajitia chini yake na pima maji ya seremala niipime pua na kuichomelea miguu ya springi madoa machache ya kuishikilia kwa muda.

Ilikuwa imenyesha. Mvua ya Borabu, huko juu kwa mzee, ni baridi, na tope lake ukililalia linapanda hadi kwenye uti. Nilikuwa nimelala kwenye kipande cha katoni kilichokuwa kimeshakuwa uji. Mzee alikuwa amekwenda kuangalia ng'ombe. Gunia likainuliwa, nikaona miguu ya mama mkwe, kisha mkono wake ukasukuma blanketi lililokunjwa, la kijivu lenye mistari myekundu.

"Chukua ulalie, mwanangu," alisema. "Hii tope itakuingia kifua."

Mwanangu. Tangu nifike hapo hakuna aliyeniita hivyo. Nilikuwa na pima maji mdomoni na chozi likanitoka, likaenda sikioni kwa sababu nilikuwa chali. Nikalitandika blanketi lile, nikalilalia, nikachomelea. Cheche zilidondoka, zikatoboa vitundu hapa na pale, nami nikajiambia nitamshonea.

Mtoto yeyote wa Kigusii, hata aliyelelewa mjini, anajua swali ambalo mkwe huuliza akipewa nguo ya kulalia katika boma la mumewe: hili ni la nani? Sikuuliza. Nilikuwa na baridi, na mtu alikuwa ameniita mwanangu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, lakini hawasemi kwamba kinaweza kuletwa kimekunjwa vizuri hivyo. Jioni nilimrudishia nikamwonyesha vile vitundu na kumwomba radhi. Alilipokea, akasema si neno.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kama maji. Nikaitoa difu, nikaichomelea kwa ukamilifu nje ambako mkono unafika kote, nikairudisha. Nikapima propela gari likiwa limekaa chini na mzigo wake, nikaacha nafasi ya kuingia na kutoka springi zinapocheza, ikakatwa na kuunganishwa mjini. Nikaifunga. Nikatia oili na grisi. Siku nilipoteremsha magunia ya pazia, pikapu ilikuwa imesimama palepale kama zamani, na hakuna aliyeweza kuona tofauti mpaka ainame. Mzee aliinama. Alipiga magoti kwenye nyasi, akaitazama propela ikiwa uchi chini ya gari lake, akakaa hivyo kwa muda. Nilikuwa nimesimama mbali, kama inavyotakiwa. Sikuona uso wake ila mabega yake, na mabega yalikuwa yamelegea.

Aliiendesha mwenyewe hadi soko. Walioiona wanasema ilipanda ule mlima ikiwa na magunia na wanawake watatu juu yake, na kwamba mzee alipiga honi kuanzia chini hadi juu. Aliporudi alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Mume wangu alinishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya tena. Mzee akatuma neno kwamba Jumapili wazee waje, na waje na kamba.

Jumapili walikuja wazee wa ukoo wanne hivi, na kamba ya katani na vigingi vya kuchomeka ardhini. Nilikuwa nimepika ugali wa wimbi na kuku tangu alfajiri. Tukateremka hadi kando ya barabara. Mume wangu alikuwa ameshika vigingi, akisubiri aambiwe achomeke wapi, na mimi nilikuwa nyuma na wanawake, nimeshaiona gereji, nimeshaipaka rangi. Mzee akainua fimbo yake aonyeshe kona ya kwanza.

Hapo shemeji akashuka kwenye pikapu, iliyokuwa imeegeshwa kando yetu, na blanketi la kijivu lenye mistari myekundu. Akalitandaza juu ya nyasi katikati ya wazee, kwa uangalifu, akilinyoosha kona kwa kona ili kila kitundu kionekane.

"Hii ni blanketi ya kitanda ya mzee," akasema. "Muulizeni huyo nani ameilalia."

Sijui kama mnaweza kuielewa hali ile ninyi mlio mbali. Haikuwa nguo chafu. Ilikuwa ni sawa na kusema nimelala kitandani mwa baba wa mume wangu. Wanawake walionizunguka walisogea, taratibu, kama unavyosogea mtu anapotapika. Niliulizwa, nikajibu kweli: nililala juu yake, nilipewa, sikujua ni la nani. Mzee mmoja akamgeukia mama mkwe na kumwuliza kama ni yeye aliyenipa.

"Mimi niliachia yeye afunike nayo injini," alisema mama mkwe. "Sasa nani hulalia blanketi ya mzee?"

Alisema hivyo akiwa ananitazama usoni, na macho yake yalikuwa makavu na matulivu kama ya mtu anayechambua mboga. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anatazama vigingi vilivyokuwa mkononi mwake.

Jambo la namna hiyo lina dawa, na kila mtu pale aliijua. Mzee aliyekuwa na umri kuwazidi wote alikohoa akasema makosa ya kutojua si makosa ya kukusudia. "Mbuzi moja inamaliza hii maneno," alisema. "Chinja, tule, mtoto ajenge." Mbuzi walikuwa zizini, tuliwasikia wakilia. Ilibaki kinywa cha mtu mmoja, baba mkwe wangu. Na nilijua, nikimtazama, kwamba lile blanketi halikumshtua wala kumchukiza. Lilimpumzisha. Alikuwa ameahidi mbele ya watu, akaogopa kuonekana mwongo, na sasa mkewe alikuwa amemtafutia mlango.

"Mbuzi wangu hawana makosa," alisema.

Halafu akafanya ambalo hakuwahi kufanya tangu niingie kwake. Aligeuka akanitazama mimi, si mkewe, si gari, akasema nami kwa kinywa chake bila kumtuma mtu.

"Wewe. Hiyo kazi umefanya mzuri. Sasa panda, ikurudishe kwenu."

Asante ya punda ni mateke, lakini punda hakusifu kwanza. Nilitamani ardhi ipasuke, si inimeze mimi, immeze yeye na kofia yake. Kama ningefungua kinywa wangepata la pili la kunishtaki.

Vitu vyangu vilipakiwa kabla ya chakula, na kuku niliowapika wakaliwa na wageni. Kitanda, masufuria, sanduku la spana. Mume wangu ndiye aliyeendesha. Nilitegemea tukitoka tu kwenye lango atasimamisha gari, atalia, atasema twende Keumbu tukapange chumba, wazee wale tuwaache na kamba yao. Tulipita Nyansiongo hakupunguza mwendo. Mimi nilikuwa nasikiliza chini ya kiti, sikio la fundi halijui msiba. Nilikuwa natafuta mlio, hata mtetemo mdogo, kitu kimoja nilichokosea kitakachomsumbua mzee maisha yake yote. Hakukuwa na kitu. Nilikuwa nimeitengeneza kwa ukamilifu wa mtu anayejijengea nyumba.

Tulipokaribia Nyaramba mume wangu akakohoa.

"Imekuwa laini sana," alisema. Kisha, baada ya kona nyingine, "Si uniambie inatakiwa kuangaliwa wapi. Mzee atauliza."

Nikamwambia. Nikamwambia akaze tena zile bolti zinazoshika springi baada ya safari chache za kwanza, atie grisi kwenye joint zote mbili, asiruhusu oili ya difu ishuke. Alirudia kila neno nyuma yangu kwa sauti, kama mtoto anayekariri fungu la Sabato. Miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunisikiliza kwa makini kiasi kile.

Alishusha vitu vyangu uani kwa mama yangu, akasalimia kwa heshima zote, akakataa chai kwa sababu kulikuwa kunakuchwa. Akageuza gari.

Nilirudi Keumbu, gereji ileile, na huko ndiko shangazi yangu alikonifuata mwaka uliopita kunipa habari, akiwa ametoka harusini upande wa Nyansiongo. Shemeji naye hakukipata kile kipande. Shangazi alipita, akaona mzee amejenga hapo kando ya barabara, mawe na mabati mapya, mlango wa chuma. Akauliza ni nyumba ya mwana yupi. Akaambiwa si ya mwana. Ni ya pikapu, isinyeshewe.

Nilicheka hadi wateja wakageuka. Kisha nikaingia chini ya lori lililokuwa mbele yangu, nikavuta miguu yangu yote ndani, nikalia humo mpaka mwenye lori akaanza kuuliza kama ni kubaya kiasi hicho.